Gololi ya peintiboli "kuchopu" maana yake nini, na kwa nini usikimbilie kufungua maka

Ukikaa na wacheza peintiboli, ule mchezo wa kurushiana gololi za rangi, hata nusu saa utasikia mtu analalamika "leo maka yangu inachopu tu", na kama we mgeni unabaki unatoa macho. Kuchopu ni hivi: gololi ya rangi inashuka kutoka kwenye hopa, lile kopo la gololi juu ya bunduki, kabla haijakaa sawa bolti, yaani kile kipande cha ndani kinachoisukuma mtutuni, inakuja mbele na kuikata katikati kama kitunguu. Kuna na kupasuka kwingine, gololi ishaingia mtutuni vizuri kabisa halafu inapasukia humo humo, wazoefu wanatofautisha hizo mbili ila ukiwa umejibanza nyuma ya tairi unarushiwa huoni tofauti yoyote, mtutu umejaa uji wa rangi na kila gololi inayofuata inaenda inakotaka yenyewe, umelenga kifua cha mtu inapiga mwembe.

Na maka ndo hiyo wengi wanaita bunduki. Hilo jina sio urembo, ni Kiingereza "marker", kiweka alama, kule Marekani vilikuwa vifaa vya watu wa misitu kuwekea alama miti na wafugaji kuwekea alama ng'ombe, mpaka mwaka 1981 jamaa 12 wakaingia porini New Hampshire wakaanza kuwindana wenyewe kwa wenyewe. Rangi ya enzi hizo ilikuwa ya mafuta, kuitoa mpaka tapentaini, siku hizi inatoka kwa maji.

Sasa tatizo letu Dar ni kwamba mtu akichopu mara tatu tu keshashika spana. Mi nasema anza na gololi. Ganda lake ni jelatini, ile ile ya kapsuli za dawa, ndani kuna kimiminika kizito chenye rangi, kipenyo inchi 0.68 yaani kama milimita 17 hivi, uzito karibu gramu 3. Jelatini inavuta unyevu, na unyevu wa mji huu unaujua, chumvi tu ukiiacha wazi jikoni inashikana. Ukifungua boksi Jumamosi ukaliacha kwenye buti ya gari mpaka wiki ijayo, utakuta gololi zimevimba, zimelainika, zingine zina kibonyeo upande mmoja na zingine zimegandana kama ubuyu. Halafu kuna mjanja anaziweka kwenye friji "zikae fresh", aisee hapo ndo umeziua, baridi inafanya ganda liwe linakatika kirahisi na ukizitoa nje zinaloa jasho. Ziache ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, chumba cha kawaida, na uwe unaligeuza boksi mara moja moja zisibonyee upande wa chini.

Kupima ubora wake hakuhitaji mashine. Kwanza macho, angalia mshono wa ganda kama haujatuna, halafu zibiringishe juu ya kioo cha meza, inayoyumba kama yai itaruka ikiyumba hivyo hivyo. Pili, chomoa mtutu, weka gololi kwa nyuma uinamishe. Ikidondoka yenyewe ni ndogo kwa mtutu huo, ikikaa halafu ukapuliza kwa mdomo ikatoka fyuu basi zinaendana, ukipuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka na haisogei basi ni kubwa, itapasukia ndani. Hiki kipimo rudia mchana, sababu iliyopita vizuri saa mbili asubuhi inaweza ikakwama saa nane ikishapigwa na joto la pwani. Tatu ndo kile watu wanakipenda, kudondosha kwenye saruji. Inua mkono usawa wa kichwa uachie. Ikipasuka mdundo wa kwanza au wa pili ni nzuri. Ikipasuka hata ukiiachia usawa wa kiuno tu, ni dhaifu na bolti itaikata. Ikidunda mara tano kama mpira wa tenisi imekomaa, haitachopu kweli, ila itamuumiza mwenzako bila kupasuka halafu mtaanza kubishana kama katoka mchezoni au hajatoka. Jaribu gololi kama kumi, moja haikwambii kitu.

Spidi nayo inaingia humo humo. Viwanja vingi havivuki futi 300 kwa sekunde, sawa na kama kilomita 330 kwa saa, na inapimwa kwa krono, kile kifaa cha kusoma spidi ya gololi. Wanaotumia mitungi ya CO2 muwe makini zaidi, kwenye nyuzi 21 mle ndani kuna presha ya kama psi 850, ila joto likivuka nyuzi 31, ambayo hapa Januari ni kitu cha kawaida, CO2 haikai tena kama kimiminika hata ufanyeje na presha inapanda kwa kasi. Umekrono asubuhi 280, mchana uko juu ya 300 na hujagusa skrubu yoyote, gololi dhaifu haivumilii huo msukumo. Mtungi wa hewa una regyuleta, yaani kidhibiti presha, ndo maana hausumbui hivyo.

Maka yenyewe haina makubwa. Toa mtungi, fyatua upande salama mpaka hewa iishe, ndo ufungue. Futa rangi yote kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kagua oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, moja moja kama zina mpasuko, paka grisi ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha maka yako. Mi niliwahi kupulizia dawa ya kulegeza kutu ya fundi bodaboda nikajiona nimeokoa hela, wiki mbili mbele oringi zimevimba na maka inavuja hewa kama tairi la baiskeli. Oringi za saizi nyingi Kariakoo zipo, ila nenda na ya zamani mkononi, usiende kukadiria kwa macho.

Na siku ukichopu katikati ya gemu, safisha mtutu, azima gololi ishirini za mwenzako ambaye hachopu uzipige kwenye maka yako, miwani usoni hata kama mnajaribu tu. Zikitoka zote salama basi tatizo ni boksi lako, na kama nazo zinakatika, hapo sasa leta spana.