Miniatura haikupewa jina kwa udogo wake

Kosa hili nimelisikia tena wiki hii. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri anasimulia historia ya sanaa kwenye video, anafika kwa Levina Teerlinc, msawiri wa karne ya 16, anasema: "Huyu mama alichora miniatura, yaani mini, vijipicha vidogo vidogo." Nikaizima simu nikaenda kubandika chai. Ni mara ya tatu mwezi huu, na mara mbili za mwanzo nilinyamaza.

Maana kwa haraka. Miniatura ni picha iliyochorwa ndani ya kitabu cha kuandikwa kwa mkono. Baadaye ikawa pia sura ya mtu iliyochorwa kwa ufundi ule ule wa vitabu, ya kushikwa kiganjani, kuvaliwa kama kidani au kufungiwa kisandukuni. Basi. Nyingi ni ndogo, hilo silikatai. Ila udogo haumo ndani ya jina.

Jina ni la rangi. Kwa Kilatini, minium ni ile nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, inayopatikana risasi ikichomwa muda mrefu penye hewa (risasi ya madini, si ya bunduki). Ni sumu. Karne nyingi baadaye mafundi wa vyuma waliipaka kwenye meli na madaraja kuzuia kutu. Lakini kabla ya hapo ilikuwa rangi ya vitabu: mwandishi akishamaliza mistari yake kwa wino mweusi, mkono mwingine unapita na minium kutia herufi za mwanzo na vichwa vya habari. Kutia nyekundu hiyo kukaitwa miniare, na Waitaliano wakaiita kazi nzima miniatura. Aliyewahi kuona misahafu ya zamani ya Siyu, kule kisiwani Pate, hahitaji maelezo marefu. Anajua nyekundu inavyomwongoza msomaji katikati ya weusi wa maandishi.

Herufi zikaota majani, majani yakazaa ndege, ndege wakafuatwa na watu, mpaka picha ikachukua ukurasa mzima. Nayo bado ikaitwa miniatura, hata kitabu kikiwa kikubwa cha kubebwa kwa mikono miwili.

Mkorogo uliingia kwa sikio. Kilatini kina pia minor na minimus, maneno ya udogo kweli. Watu wakaona picha ndogo, wakasikia "mini", wakajumlisha. Kosa likakomaa likawa maana. Kisha, na hapa ndipo ninapocheka peke yangu, Waingereza wa karne ya 20 wakalikata neno lenyewe, wakabaki na kipande "mini", wakakibandika kwenye magari na sketi. Kwa hiyo unapopanda minibasi, umepanda jina ambalo mzizi wake ni rangi ya risasi. Yule kijana alidhani miniatura ni mtoto wa mini, kumbe ndiye mama yake.

Sasa Levina. Nadhani maisha yake yanaeleza neno hili kuliko kamusi. Alizaliwa Bruges, katika Ubelgiji ya leo, binti wa Simon Bening, mmoja wa mafundi wakubwa wa mwisho wa kupamba vitabu kwa mkono. Uchapaji ulikuwa umeshaanza kuwanyang'anya riziki watu wa kazi ile. Levina akavuka bahari na mumewe, George, na mwaka 1546 jumba la kifalme la Uingereza likampa malipo ya pauni 40 kwa mwaka. Hans Holbein, mchoraji ambaye sura ya Mfalme Henry wa Nane iliyo vichwani mwetu ni ya mkono wake, alikuwa akipewa 30. Mama huyu alimtumikia Henry, kisha Edward, Mary na Elizabeth, mpaka alipofariki London mwaka 1576.

Hakuna picha yenye sahihi yake iliyosalia. Chache zinahusishwa naye na wataalamu wanazibishania. Alichoacha kwa hakika kimo kwenye orodha za zawadi za mwaka mpya: mwaka 1559 alimpa Elizabeth picha ya malkia mwenyewe, na mwandishi wa orodha akaandika kwamba imechorwa kwa ustadi juu ya kadi. Kadi hiyo tusiipite. Mafundi wa wakati ule walichukua ngozi ya ndama iliyolainishwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, wakaigundisha kwenye karata ya kuchezea ili isijikunje. Zipo miniatura za karne ile ambazo ukizigeuza unakuta kopa upande wa nyuma. Rangi ilisagwa ikachanganywa na maji na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, si mafuta. Ngozi, maji, gundi, brashi ya nywele chache: vyote ni vya meza ya baba yake. Kitabu kiliondoka, ufundi ukabaki.

Na pale London wala hawakuiita miniatura. Neno lao lilikuwa "limning", linalotoka kwenye Kilatini cha kutia nuru. Nyekundu au nuru, chagua unayotaka. Udogo hukuti katika lolote kati ya hayo mawili.

Kinachonikera zaidi ni kile "kijipicha". Katika Kiswahili, ki- na kiji- hazipimi sentimita tu. Mtu akikuita kijitu hajakupima urefu. Kijipicha ni kile unachokibonyeza kufungua video, kwa hapo neno linafaa kabisa. Lakini ukimwita mwanamke aliyelipwa kuliko Holbein "mchoraji wa vijipicha", msikilizaji anapata picha ya mama anayejiburudisha dirishani baada ya kuosha vyombo. Sijasikia mtu akimwita Holbein hivyo, naye alichora miniatura pia.

Kwa hiyo mdogo wangu, video ni nzuri na sauti unayo. Ukirudi kuhariri, sema "msawiri wa miniatura". Kusawiri tunalo, taswira tunayo, hatukopi kitu hapo. Udogo utaje baadaye, kama unavyotaja urefu wa mtu baada ya jina lake. Minibasi iache ilivyo, hiyo imeshaondoka stendi.