Jinsi Panya Wasio na Jeni Walivyofichua Kazi ya Protini CTLA-4

Protini CTLA-4, inayokaa juu ya utando wa seli T za kinga, ilitambuliwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1987, lakini kwa miaka kadhaa wataalamu walibishana kuhusu kazi yake. Kwa kuwa inashabihiana na CD28, protini inayozichochea seli hizo, baadhi yao waliamini kwamba nayo ni kichocheo, huku wengine wakiiona kuwa ni breki. Majaribio ya seli zilizokuzwa katika vyombo vya maabara hayakuumaliza ubishi huo.

Uliamuliwa na panya. Mbinu iliyotumika, ambayo iliwapatia Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007, huanzia kwenye seli shina za kiinitete cha panya, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina yoyote ya mwili, ambamo jeni inayochunguzwa huharibiwa kwa makusudi. Seli hizo hutiwa ndani ya kiinitete kingine, naye panya anayezaliwa huwa na mchanganyiko wa seli za asili mbili. Ni katika vizazi vinavyofuata ndipo hupatikana panya asiye na nakala hata moja nzima ya jeni hiyo. Hulinganishwa na ndugu zake wa uzao uleule wenye jeni kamili, na bila ulinganisho huo matokeo hayaaminiki.

Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba panya wasio na CTLA-4 hufa wakiwa na umri wa wiki tatu hadi nne. Wengu na tezi zao za limfu zilikuwa zimevimba, na seli T zilikuwa zimevamia viungo kadhaa, ukiwemo moyo na kongosho. Kama protini hiyo ingekuwa kichocheo, kuikosa kungezidhoofisha seli hizo, wala kusingezifanya ziushambulie mwili wenyewe.

Ushahidi huo uliipa nguvu hoja ya mtaalamu wa kinga wa Marekani, James Allison, ya kuizuia breki hiyo kwa kingamwili, yaani protini inayojishikiza kwenye shabaha maalumu, ili seli T ziishambulie saratani; dawa ya aina hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kutibu melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Hata hivyo, panya si binadamu mdogo: panya aliyepoteza nakala moja tu ya jeni hiyo huishi bila dosari ya wazi, ilhali tafiti za mwaka 2014 zilionyesha kuwa baadhi ya watu wenye upungufu kama huo hupata maradhi makali ya kinga.