Kusomea Fikra za Soko Huria: Mwanafunzi Aanzie Wapi

Wanafunzi wengi wanaovutiwa na falsafa ya uhuru wa mtu binafsi, ambayo wafuasi wake huitwa walibertari, na uchumi wa soko huria unaoambatana nayo, huanza safari yao kwa kutafuta ufadhili. Huuliza ni semina gani inalipia nauli na ni chuo gani kinapokea maombi sasa. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanafaa kutanguliwa na kazi nyingine, nayo ni kusoma andiko moja fupi mpaka likakaa kichwani.

Andiko ninalolipendekeza ni makala ya mwanauchumi Friedrich Hayek ya mwaka 1945 kuhusu matumizi ya maarifa katika jamii. Ndani yake kuna mfano wa madini ya bati. Tuseme bati limepata matumizi mapya mahali fulani, au chanzo chake kimoja kimetoweka. Fundi anayelitumia hana haja ya kujua ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililotokea. Anachoona ni kwamba bei imepanda, basi anapunguza matumizi au anatafuta kitu kingine cha kutumia badala yake. Na hicho kibadala nacho, kwa kuwa sasa kinatafutwa zaidi, bei yake inapanda, na wanaokitumia wanabana matumizi nao pia. Watu wasiofahamiana wamepangiana kazi bila mtu yeyote kutoa amri. Mwanafunzi anayeweza kuueleza mfano huu kwa maneno yake mwenyewe, kisha akaonyesha mahali unapokwama, kwa mfano moshi wa kiwanda unaomdhuru jirani bila kuhesabiwa katika bei ya bidhaa, ameshajiandaa kuliko mwenye vyeti kumi vya kuhudhuria makongamano.

Kwa anayetaka shahada, George Mason University, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ni miongoni mwa vyuo vinavyojulikana zaidi katika uwanja huu. Hapo ndipo alipofundisha James Buchanan, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1986 kwa kuchunguza jinsi wanasiasa na watumishi wa serikali wanavyoongozwa na maslahi yao kama watu wengine, na kituo cha utafiti cha Mercatus kilichopo chuoni hapo kimekuwa kikiwafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Nchini Guatemala kuna Universidad Francisco Marroquín, iliyoanzishwa mwaka 1971 chini ya uongozi wa Manuel Ayau, ambako hata mwanafunzi wa utabibu au usanifu majengo husoma misingi ya uchumi wa soko. Anayefikiria kwenda huko ajiandae kwa Kihispania.

Ningependa pia wanafunzi wasiipite Indiana University, mjini Bloomington, ambako Elinor Ostrom na mumewe Vincent walianzisha mwaka 1973 karakana ya utafiti ambayo ingali hai. Elinor alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, kwa kuonyesha kwamba wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji huweza kujitungia kanuni za kutunza mali ya pamoja na kuzisimamia wenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna kazi inayomsaidia zaidi kijana anayedhani kwamba kila jambo lina majibu mawili tu, serikali au mfanyabiashara.

Semina fupi ni nyingi zaidi kuliko shahada. Kati ya taasisi zinazoziandaa nchini Marekani, Foundation for Economic Education ilianzishwa mwaka 1946, na Institute for Humane Studies mwaka 1961; London kuna Institute of Economic Affairs tangu mwaka 1955. Mises Institute, iliyoko Auburn katika jimbo la Alabama, huandaa juma la masomo kila majira ya joto, na mshiriki akitaka hufanya mtihani wa mdomo mwishoni. Asiyeweza kusafiri ana masomo ya video ya Marginal Revolution University, yaliyoanzishwa mwaka 2012 na maprofesa wawili wa George Mason, na hayalipiwi.

Mtindo wa Liberty Fund, taasisi ya elimu iliyoko Carmel katika jimbo la Indiana, unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo kwa sababu hata kikundi cha wanafunzi kinaweza kuuiga. Hakuna mhadhara. Watu wapatao 15 huketi kuizunguka meza moja, kila mmoja akiwa amekwisha kusoma kurasa zilezile nyumbani, na mwongozaji huuliza swali kisha akanyamaza. Anayetaka kusema husubiri zamu yake na huonyesha ukurasa anaousimamia. Asiyesoma hujulikana mapema.

Mwanafunzi afahamu kwamba taasisi nyingi kati ya hizi zina msimamo wao na haziufichi, na kwamba zenyewe hazikubaliani katika yote. Mwanauchumi Milton Friedman alitaka kiasi cha fedha kiongezwe kwa kiwango kisichobadilika kila mwaka; wafuasi wa mwanauchumi mwingine, Ludwig von Mises, huona benki kuu yenyewe ndiyo tatizo. Anayesikia upande mmoja tu hatajua kwamba ugomvi huo upo. Kwa hiyo asome na wanaopinga. George Akerlof, Michael Spence na Joseph Stiglitz walipata Nobel mwaka 2001 kwa kuchambua masoko ambayo muuzaji na mnunuzi hawana taarifa sawa, kama soko la magari yaliyotumika, ambamo mwenye gari bovu anaujua ubovu wake na mnunuzi haujui. Hoja hiyo haifutwi kwa kurudia kwamba soko hujirekebisha; inadai jibu la kina, na kulitafuta jibu hilo ni elimu nzuri sana.

Hisabati isiachwe pia. Programu za uzamivu huangalia alama za kalkulasi na takwimu, na mapenzi ya falsafa hayawezi kuziba pengo hilo.

Katika barua ya maombi, mwombaji aandike swali moja analolitafutia jibu, si sifa za uhuru, kwa kuwa wasomaji wa maombi wamekwisha kukubali sifa hizo. Na akikubaliwa, kabla ya kukata tiketi, aulize kwa maandishi ni nani atakayelipa nauli, malazi na ada ya viza, na kama cheti atakachopewa kinahesabiwa katika shahada au kinathibitisha kuhudhuria tu.