Kidonda hakihitaji kupigwa upepo

Anayeshuka Kilimanjaro kupitia Marangu na malengelenge visiginoni, akifika Moshi huambiwa: "Acha wazi, kipigwe upepo kikauke." Ushauri huo unachelewesha kupona. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha madogo yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya yaliyoachwa wazi. Kigaga kikavu ni kizuizi. Ngozi changa hulazimika kujipenyeza chini yake.

Plasta ya haidrokoloidi, yaani yenye tabaka linalonyonya majimaji na kugeuka jeli, hutunza unyevu huo. Osha kidonda kwa sabuni na maji safi, kisha kausha sana ngozi ya pembeni, maana mafuta au jasho likibaki plasta haishiki. Pasha plasta joto viganjani dakika moja, bandika izidi kidonda sentimita 2 kila upande. Lengelenge zima usilitoboe.

Baadaye plasta hutuna, ikawa nyeupe, laini, yenye kaharufu. Wengi huibandua hapo wakidhani ni usaha, kumbe ni jeli iliyonyonya majimaji ya kidonda! Iache siku 3 hadi 7, mpaka ivuje pembeni au iachie yenyewe. Kuitoa, ivute sambamba na ngozi. Ukiinyanyua juu unang'oa ngozi changa.

Wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi au homa, hapo bandua uende zahanati. Mwenye kisukari amwone daktari kwanza.