Je, wajua kwa nini filamu iliyofika Oscar iliwachoma watu wa Mwanza?

Mapema kabisa kwenye filamu tuko juu ya mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza. Mwongoza ndege ana gazeti lililokunjwa mkononi, anamvizia mdudu anayetambaa kwenye kioo. Anapiga, anakosa, anapiga tena. Wakati huohuo sauti ya rubani inaita redioni, na upande wa ziwani linakuja dege la mizigo aina ya Ilyushin, kazi ya enzi za Usovieti. Hakuna msimulizi anayekwambia uwaze nini, lakini umeshaanza kuwaza: hapa nani anaangalia nini?

Hiyo ni Darwin's Nightmare, dokumentari kuhusu biashara ya samaki wa Ziwa Victoria, ya Hubert Sauper, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1966. Ilioneshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 2004. Mwaka 2006 iliwania Oscar ya dokumentari bora, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya César kule Ufaransa. Mwaka huohuo tena, Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wengi waliona wamepakwa matope. Picha ni zilezile. Ilikuwaje huku wapige makofi na huku waumie?

Jibu limo ndani ya kazi yenyewe ya mtengeneza dokumentari.

Wazo la Sauper halikuzaliwa Mwanza. Mwaka 1997 alikuwa Kongo akiwafuata wakimbizi wa Rwanda, na kwa maelezo yake mwenyewe aliona madege mawili makubwa. Moja limeleta tani 45 za njegere za msaada kutoka Marekani. La pili linaondoka na tani 50 za samaki kwenda Ulaya. Samaki wale ni sangara wetu, ambaye hakuwa wa ziwa hili tangu asili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi mno, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga kwenye ufuko wa Mwanza. Kwa hiyo mtu huyu alikuja akiwa tayari na swali: ndege hizi zinakuja na nini?

Alikuja na mwenzake mmoja na kamera ndogo. Kamera ndogo ni siri kubwa ya kazi hii. Ukija na lori la taa na watu kumi, kila mtu anavaa shati la sikukuu. Ukija na kamera ya kiganjani na ukarudi siku ya pili, ya tano, ya ishirini, watu wanakuchoka, na wakishakuchoka ndipo wanaanza kuishi mbele yako. Lakini Sauper ameeleza jambo lingine pia, na hapa mimi nasita. Ili waingie kwenye ndege na kwingineko, walijifanya watu wengine: mara marubani, mara wafanyabiashara. Kumhadaa mwenye kiwanda ili upate ukweli ni kitu kimoja. Mama anayekufungulia mlango wake anastahili kujua wewe ni nani na picha yake inakwenda wapi.

Sasa njoo kwenye mapanki, maana ugomvi wote ulikaa hapo.

Mtu wa Mwanza akisikia mapanki haulizi. Ni kichwa, mgongo na mkia wa sangara, kile kinachobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Yanauzwa kwa lori, yanaanikwa, yanakaangwa kwenye makarai ya mafuta mpaka yanalia, yanapakiwa kwenye magunia. Kwenye kichwa kuna nyama shavuni na kisogoni, na mpishi anayeyajua hujua pa kubana kidole itoke. Ni mboga ya siku ambayo mfuko umekauka. Mengine husagwa yakawa chakula cha kuku.

Kwenye filamu mapanki yanaonekana kwenye vichanja, yana funza, kina mama wanayapanga miguu ikiwa kwenye tope. Filamu inayaweka jirani na minofu safi inayopanda ndege kwenda mezani kwa Wazungu. Baadaye ukazuka ubishi mkali: haya ni chakula cha watu au cha mifugo? Ni vyote viwili, kila mkazi anajua. Kilichowauma watu, kwa maoni yangu, si funza. Ni kwamba mboga yao imefanywa alama ya fedheha mbele ya watu ambao hawajawahi kuila.

Nguvu hiyo inatoka kwenye uhariri, yaani kupanga picha ipi ifuate ipi. Karibu miaka 100 iliyopita mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji mmoja, usiobadilika hata kidogo, akaupachika mbele ya bakuli la supu, kisha mbele ya jeneza. Watazamaji waliapa kwamba wameona njaa, halafu huzuni. Uso ulikuwa uleule. Picha mbili za kweli zikikaa pamoja huzaa neno la tatu ambalo hakuna aliyelitamka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa silaha, maana mtazamaji huondoka akiamini kwamba ndege za samaki ndizo huzileta. Filamu haioneshi sanduku la bunduki likishushwa Mwanza. Inamwonesha rubani akisimulia, kwa aibu, jinsi alivyowahi kupeleka vifaru Angola kisha akarudi Ulaya na zabibu. Ni maungamo mazito, na si ya Mwanza. Lakini ukisikia hayo kisha ukaona dege likigusa uwanja wetu, akili inajaza nafasi yenyewe. Mwanahistoria wa Kifaransa François Garçon aliishambulia filamu hiyo kwa ukali. Sauper akampeleka mahakamani Paris na akashinda kesi ya kukashifiwa mwaka 2008. Hukumu ile ilimlinda Sauper dhidi ya maneno ya Garçon. Swali la picha gani ikae karibu na picha gani hakuna hakimu anayeweza kulimaliza.

Na kuna suala la fedha, ambalo vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huliuliza mwisho badala ya mwanzo. Dokumentari ya aina hii haiishi kwa tiketi. Huishi kwa mifuko ya utamaduni, vituo vya televisheni na matamasha, na filamu hii ilitengenezwa kwa ushirika wa Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Anayelipa si lazima akuamrie la kusema, ila anaamua unaongea na nani. Filamu ikizungumza na Paris, lazima ieleze mapanki ni nini, na katika kueleza inashangaa. Mtoto wa Igogo, mtaa wa hapa Mwanza, akishika kamera hatashangaa mapanki. Pengine ataanzia kwenye bei: gunia lilikuwa kiasi gani mwaka jana, nani amepandisha, na lori limeelekea wapi. Filamu hiyo ingekuwa na ukali wake, na hata wenye viwanda wangeisikia kwa sikio jingine.

Sisemi Sauper hakustahili kuja. Kuna mwanamke kwenye filamu ile, amezungukwa na marubani mezani, anaimba wimbo wa kuipenda Tanzania. Kabla filamu haijaisha tunaambiwa ameuawa na mteja. Mji wetu ulikuwa na wanawake kama yeye, na wachache mno waliwahi kuketi nao na kuwasikiliza. Yule mgeni aliketi.

Lakini ipo njia nyingine. Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu ya wavuvi wakiwinda viboko kwenye mto Niger, akaipachika muziki wa kuwatia wawindaji moyo. Mwaka 1954 alirudi kijijini Ayorou, akatundika shuka ukutani, akawaonesha wenyewe. Wakamwambia muziki ule utoke. Kiboko ana masikio makali, angeusikia akakimbia, na kuwinda kunataka kimya. Tangu hapo Rouch akawa mwangalifu sana na muziki wa kupachika. Na usiku uleule mtu wa eneo jingine, aliyekuwa kati ya watazamaji, alimfuata akamwomba aende kwao, kuna watu wanawinda simba kwa upinde.