Video si feki, mjomba. Maneno ndiyo feki

Wiki hii nimeulizwa tena, na muulizaji ni mtu wa nyumbani kabisa: "Sasa unabisha nini, mimi si nimeiona video kwa macho yangu?" Tangu nianze kazi ya kuhakiki taarifa nimekuwa nikijibu swali hili kwa upole. Leo upole umeniishia.

Turudi Mei 2024. Kimbunga Hidaya kinakaribia pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshatoa tahadhari, watu wana hofu, na wana haki ya kuwa nayo. Mjomba akarusha kwenye kundi la familia video ya maji meusi yakiruka ukuta wa bahari, yamebeba mashua na magari. Chini yake: "MAFIA ASUBUHI HII." Nikaandika kwamba ni uongo. Akanijibu, "Feki iko wapi hapo? Ile si Noah inaelea?"

Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Video haikuwa feki! Ni ya Miyako, Japani, Machi 11, 2011, siku ya tsunami. Maji ni ya kweli, magari ni ya kweli, hakuna aliyehariri chochote. Aliyetudanganya alihitaji maneno matatu tu. Na mjomba hakuona vibaya: magari yetu mengi tunayaagiza mtumba kutoka kulekule, nao huendesha upande wa kushoto kama sisi. Sasa watu wamefundishwa kutafuta vidole sita na midomo isiyoendana na sauti, dalili za video iliyotengenezwa na akili mnemba. Wanaikagua video, wanaikuta safi, wanaipitisha. Swali lenyewe ndilo bovu. Achana na "ni feki?" Uliza ni wapi, ni lini, na nani alikuwa amesimama pale na simu.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Simamisha video penye kibao, duka au jengo, piga skrinishoti, ipeleke Google Lens, inayokutafutia mtandaoni picha zinazofanana nayo. Ikigoma, jaribu Yandex au TinEye, nazo hufanya kazi hiyohiyo. Piga tatu au nne, maana moja haitoshi. Ya mjomba ilijibu kwenye ya pili. Ila usipopata kitu usikimbilie kusema "basi ni mpya". Hujapata, basi.

Tiki ya bluu ya X siku hizi inanunuliwa, tusipoteze muda hapo. Taarifa za ndani ya picha, saa na mahali ilipopigwa, WhatsApp huziondoa ukituma picha kwa njia ya kawaida. Na ile mishale miwili anayoiweka WhatsApp juu ya ujumbe maana yake ujumbe umeshatumwa mbele mara tano au zaidi. Mjomba aliihesabu kama ushahidi: "Unaona, wengi wameituma."

Mimi pia nimewahi kuchemsha. Ililetwa video ya vurugu mtaani, inadaiwa ni ya Dar, magari yanapita kulia. Nikaandika kwa kujiamini kwamba si Tanzania, hapo ni Burundi au Kongo. Msomaji mmoja akaniuliza kama nimesoma maandishi ya ukutani. Yalikuwa yamegeuka, kama yanaonekana kwenye kioo. Mtu alikuwa ameigeuza video yote, na mtaa ulikuwa wetu. Nilirekebisha na kuomba radhi, na tangu siku hiyo naanza na herufi kabla ya magari.

Kinachonishinda mpaka leo ni sauti. Klipu ya sekunde 40 ya "kiongozi" akinong'ona mambo haina kibao wala kivuli cha kukagua. Programu za kugundua akili mnemba hukupa asilimia, nami siziamini sana, hasa sauti ikishabanwa na kutumwa mara kumi. Kumpigia mwenye sauti napiga, lakini akikana nimepata nini? Anayo sababu ya kukana hata kama ni yake. Kwa hiyo mafaili yangu mengine yanaishia na "haijathibitishwa", neno ambalo mjomba anaona ni woga.

Ile video hakuifuta. Kesho yake aliituma kwenye kundi la ukoo, safari hii bila maneno yoyote, ili nisimsumbue. Wa kwanza kujibu aliandika: "Mungu wangu, hii ni Mafia?"