Imani Inayodumu: Kipimo cha Siku za Kawaida

Waraka kwa Waebrania uliandikiwa watu waliochoka. Sura ya 10 inakumbusha kwamba mwanzoni walitukanwa hadharani, wakanyang'anywa mali zao, na bado wakasimama. Baadaye, pasipo kelele yoyote, baadhi yao wakajenga desturi ya kutokwenda kusanyikoni. Mwandishi anawaambia kwamba wanahitaji saburi, kisha anachukua neno la nabii Habakuki: mwenye haki ataishi kwa imani.

Hali hiyo ndiyo tunayokutana nayo zaidi katika sharika na parokia za Dar es Salaam. Ni wachache wanaoikana imani waziwazi. Mtu anakosa jumuiya, yaani kikundi cha sala cha majirani, Jumamosi mbili, Biblia inabaki juu ya kabati, sala inapungua hadi kuombea chakula, na mwaka ukiisha amebaki Mkristo wa Krismasi na misiba.

Kwa tathmini yetu, chanzo kikubwa ni kipimo kibaya. Mtu anatoka kwenye mkesha wa mwaka mpya akiwa ameweka nadhiri: saa nzima ya maombi kila alfajiri, sura kumi za Biblia kwa siku, kufunga Jumatano na Ijumaa. Huyo huyo anaishi Chanika, pembezoni mwa jiji, na anafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Anaamka saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Wiki ya pili ameshaikosa ratiba siku nne, naye anahitimisha kwamba imani yake ni ndogo. Mara nyingi ratiba ndiyo iliyokuwa kubwa mno.

Tunashauri upange kwa kuangalia siku yako mbaya kuliko zote za wiki. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja tu Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 52, unalimaliza lote, na Jumamosi zote zinabaki za kufidia ulipokwama. Biblia nzima ina sura 1,189, na inamalizika kwa mwaka ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili. Mpango huu wa pili unamfaa mstaafu au mwenye asubuhi ndefu, si kondakta wala mama lishe. Anayeanza upya aanze na Marko, sura 16 fupi zenye mwendo wa haraka. Wengi hujaribu Mwanzo hadi Ufunuo, nao hukwama Mambo ya Walawi.

Ukiwa umesimama kwenye daladala iliyojaa, huwezi kushika kitabu, na simu karibu na dirisha unajua mwenyewe habari yake. Hapo sikiliza Biblia ya sauti kwa kifaa cha masikioni, simu ikiwa mfukoni, au chukua mstari mmoja uliousoma nyumbani uurudie mpaka kituoni.

Sala nayo ina njia zake, na iliyosahaulika zaidi mjini ni ya kulalamika mbele za Mungu. Watu wamefundishwa kwamba kulalamika ni kukosa imani, kwa hiyo mwenye huzuni anaona heri asisali kabisa. Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini", miwili inayofuata inaomba jambo mahususi, miwili ya mwisho inaegemea fadhili za Mungu. Chukua muundo huo uweke maneno yako: kodi ya nyumba inadaiwa tangu mwezi uliopita, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shuleni, ndugu yuko wodini. Taja jambo lilivyo, omba unachokitaka, kisha umkumbushe Mungu, na ujikumbushe wewe, lililowahi kutendeka. Ukishindwa kufika sehemu ya tatu, usijilazimishe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu.

Daftari dogo la shule linasaidia sana hapa. Chora safu tatu: tarehe, nilichoomba, kilichotokea. Safu ya tatu iache wazi, na uirudie kila baada ya miezi mitatu. Andika hata majibu ya "hapana". Bila daftari, akili hukumbuka maombi yaliyokwama na kusahau yaliyopita salama, kama ile homa ya mtoto iliyoshuka usiku au kibarua kilichopatikana.

Kingine kinachovunja imani za watu wengi ni ahadi za wahubiri zenye tarehe. "Ndani ya siku saba utapata ndoa." "Mwezi huu hauishi kabla hujapewa kiwanja." Tarehe ikipita, mtu anaona amedanganywa na Mungu, wakati Mungu hakuitoa tarehe ile. Abrahamu alitoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka akazaliwa yeye akiwa na miaka 100. Katikati hapo, akiwa na miaka 86, alishazaa na Hajiri, kijakazi wa Sara, kwa sababu kungoja kulikuwa kumewachosha yeye na Sara. Waebrania 11 inawataja wote wawili kuwa watu wa imani, japo waliyumba njiani.

Haraka hiyo inaweza hata kuua. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkanyagano walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Pale unapoambiwa baraka ziko kwa watakaowahi mbele, rudi nyuma. Hakuna andiko linalomlipa Mkristo kwa kumsukuma mwenzake.

Suala la dawa tuliseme wazi: usiache dawa za kisukari, presha, kifua kikuu wala za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu umeombewa. Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati hupata nafuu ya muda, kisha ugonjwa unaweza kurudi na vijidudu visivyosikia dawa zile za mwanzo. Omba, endelea na dozi, na daktari ndiye aseme ipunguzwe au isimame. Isaya alipompelekea mfalme Hezekia habari ya kupona, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na hakuna neno la kumlaumu Trofimo kwa imani haba.

Fedha nazo zinawatoa watu kanisani kimyakimya kuliko tunavyopenda kukiri. Kuna ujenzi, kuna ahadi ya mavuno, kuna mchango wa jumuiya, kuna bahasha. Anayedaiwa huona aibu, anaanza kukwepa ibada, na jirani anadhani amehamia kanisa jingine. Wengine wanakopa mikopo ya kausha damu ili "kupanda mbegu", wakitegemea mavuno yalipe riba. Paulo aliweka kanuni katika 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwepo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa asivyo navyo. Kwa vitendo, usitoe sadaka ya fedha ya mkopo. Ahadi yako ikishakuelemea, mwendee mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa kanisa, umwambie: "Mzee, niliahidi laki mbili, ninayoweza ni elfu arobaini, kwa elfu kumi kila mwezi." Viongozi nao wasisome orodha za wadaiwa mbele ya watu. Orodha ile inakusanya fedha kidogo na kufukuza watu wengi.

Kabla hujasema imani imepoa, angalia usingizi wako. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na neno la Mungu likamjia baadaye, Horebu. Mtu anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, na bado anakesha kila Ijumaa, ana deni la mwili linalofanana sana na ukavu wa roho. Ahamishe maombi yake mchana. Huzuni ikizidi wiki mbili, chakula hakipandi, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, aende hospitali na amjulishe mchungaji au padre siku hiyo hiyo.

Imani haidumu kwa mtu mmoja mmoja. Jumuiya ya kaya kumi na tano inafaa kwa sala na misiba, ila mambo mazito mtu hawezi kuyasema mbele ya umati ule. Tafuteni wenzenu wawili au watatu wa jinsia moja, mkutane mara moja kila wiki mbili. Muulizane mambo matatu tu: umesoma nini, umeanguka wapi, tukuombee nini. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia Bukoba ulienea kwa mikutano ya namna hii, watu wakiungama na kurudisha walivyoiba. Kinachoviua vikundi ni siri kuvuja. Aliyevujisha aambiwe ana kwa ana, na kikundi kikishindwa kurekebisha, kivunjwe kianzishwe kingine.

Aliyeacha kwa muda mrefu asingoje mkutano mkubwa wa injili. Mkatoliki aulize ofisi ya parokia siku za kitubio. Mlutheri aliye nje ya ushirika amwone mchungaji wa usharika, apangiwe taratibu za kurudi kundini. Miezi mitatu ya kwanza asipokee uongozi, wala asijiunge na kwaya yenye mazoezi manne kwa wiki. Aje Jumapili, akae na watu, na Jumatatu jioni asome Marko sura ya kwanza, mistari 45, inayosomeka kwa dakika kumi.